Watu Wanne, Farasi Kumi

Baba yangu, Waithaka, alikuwa na kinu cha posho pale Tuwan, mjini Kitale, na yote aliyoyajua kuhusu injini alijifunza humo. Kinu chake cha kwanza kilikuwa cha nguvu za farasi wanane. Foleni ilifika barabarani, na wengine wakichoka walibeba madebe yao wakaenda kwa jirani. Akanunua cha farasi kumi na sita, foleni ikapungua. Akanunua cha ishirini na watano, akaanza kuwasagia hata watu wa Matisi. Tangu hapo aliamini kwamba hakuna shida duniani isiyoondoka ukiongeza farasi.

Mwezi wa Julai, mwaka wa 2004, alinunua boti.

Shamba letu liko nje kidogo ya mji, na lina bwawa lililochimbwa na mzungu aliyekuwa mwenyewe kabla ya mashamba kugawanywa. Si bwawa kubwa. Ukimwita mtu aliye ng'ambo, anaitika bila kupaza sauti. Ng'ombe hunywa hapo, bata huogelea, na mtu akitaka kuvuka huzunguka kwa miguu akipita kwenye ukingo. Hatukuwahi kuhitaji boti. Lakini mimi, Mary Ann, binti yake wa pekee, nilikuwa nimechumbiwa na Zachary Wepukhulu, mwenzangu katika ofisi ya kilimo ya Bungoma, na watu wa kwao walikuwa waje kujitambulisha. Baba alikuwa ameambiwa na mtu fulani kwamba Wabukusu ni wasemaji sana, kwamba wakija kwako watakufunika kwa methali mpaka ukose la kusema. Akaamua kutafuta kitu kitakachosema kwa niaba yake.

Boti aliipata kwa mtu aliyekuwa akifunga kambi yake ya kuvua samaki. Ilikuwa ya bati jeupe, fupi, yenye tumbo bapa, na baba akaipaka rangi ya buluu. Injini aliiagiza kutoka Kisumu. Ilikuwa ya farasi arobaini. Ilipofika, yeye na Kipketer, mfanyakazi wetu wa miaka mingi, waliijaribu mara moja. Baba alivuta kamba, akakaza moto iende kasi, na boti ikainua pua kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Wakaishia ndani ya matete, Kipketer akiwa amekumbatia benchi la katikati.

"Inataka tu uzito huko mbele," baba alituambia jioni akiondoa matete kwenye sweta. "Wageni wakikaa, itatulia."

Wageni waliotarajiwa walikuwa kumi na wawili. Mpango wake ulikuwa kuvusha wanane safari ya kwanza, na wanne safari ya pili pamoja na mikungu ya ndizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Hema lilisimamishwa ng'ambo ya bwawa, karibu na mikaratusi. Mama yangu, Rosaline, aliuliza mara moja tu kwa nini hema lisiwe uani karibu na jiko.

"Sasa boti wataipanda saa ngapi?" baba akamjibu.

Mama akabeba sufuria zake, akazunguka nazo bwawa kwa miguu.

Kwa desturi yetu nilipaswa kukaa ndani mpaka niitwe. Nilikaa kwa dakika chache, kisha mimi na shangazi Wacera tukapita nyuma ya zizi, tukasimama mahali tulipoweza kuona na kusikia yote bila kuonekana. Ndiyo maana ninaweza kusimulia.

Aliyetangulia upande wa wageni alikuwa Absalom Wepukhulu, baba yake Zachary, mzee mwembamba kutoka Myanga, amevaa koti la kijivu na kushika kofia mkononi. Nyuma yake alikuwa mkewe, Wilkista, kisha wajomba na mashangazi. Baba hakuwapa hata nafasi ya kukaa. Aliwasalimia mmoja mmoja, akawapeleka moja kwa moja majini, ambapo boti ilikuwa imefungwa kwa kamba ya ng'ombe.

"Karibuni sana," alisema. "Hapa kwetu mkwe hatembei kwa miguu. Wanane waingie, wengine nitawarudia."

Wageni walitabasamu. Mjomba mmoja alianza kuvua viatu. Lakini mzee Absalom hakusogea. Aliitazama ile boti kwa muda, si kama mgeni anavyotazama kitu kizuri cha mwenyeji, bali kama daktari anavyomtazama mtu anayekohoa. Akampa mkewe kofia. Akainama, akaubonyeza kwa kiganja ubao wa nyuma ambapo injini ilikuwa imefungwa. Akapitisha kidole mahali fulani ubavuni, palipokuwa na matundu manne madogo yaliyozibwa na rangi. Kisha akanyooka.

"Baba Mary Ann," alisema, "boti ni muzuri, na asante kwa heshima. Lakini mimi siwezi panda. Na watu wangu pia hawatapanda."

Mgeni aliyekuja kuomba mke hakatai kitu cha mwenyeji, hata akipewa chai isiyo na sukari. Mzee Kagwe, binamu ya baba na msemaji wetu wa siku hiyo, alikohoa.

"Mnakataa kiti chetu kabla hatujakaa?" aliuliza.

Zachary alitazama viatu vyake. Mimi nilishika mkono wa shangazi.

"Si kwa ubaya, bana," mzee Absalom akasema. "Nimefunga injini za boti miaka ishirini na saba, kule Port Victoria. Za serikali, za wavuvi, za kila mutu. Hii injini ni kubwa kuliko boti, na watu ni wengi kuliko boti. Tusifanye halaka."

Baba hakukasirika mara moja. Nadhani alishangaa kweli.

"Injini inaweza kuwa kubwa kuliko kazi yake?"

"Inaweza. Nipe karamu nikuonyeshe."

Baba akamgeukia Kagwe. Kagwe akatazama upande wa hema. Mama, aliyekuwa amerudi kuwapokea akina mama wenzake, alipanguza mikono kwenye aproni kwa aibu.

"Karamu iko tayari, mzee," alisema kwa upole. "Ni chapati tu zinamaliziwa. Mkifika kwa hema mtapakuliwa."

Mzee Absalom alimtazama bila kuelewa. Nilimsikia Kagwe akinong'ona kwamba huyu mtu anakataa boti lakini chakula anakidai kabla ya maombi. Ndipo Zachary akainua kichwa.

"Anaomba kalamu, mama," alisema. "Kalamu ya kuandika."

Kwao l na r hubadilishana viti wakati wowote, na mtu wa kwao haoni kama kuna kilichotokea. Wilkista ndiye aliyecheka kwanza, akifunika mdomo kwa kofia ya mumewe.

"Nimemwambia miaka yote," alisema. "Ni karamu, sio karamu."

Mama yangu alicheka mpaka akashika nguzo ya ua. Wajomba wakacheka, na hata Kagwe akageuza uso asionekane. Kalamu ilitoka mfukoni mwa Kagwe mwenyewe.

Kipketer alileta futi ya fundi. Mzee Absalom alipima boti huku akitaja hesabu kwa sauti ili kila mtu asikie, na akaandika kwenye bahasha.

"Urefu, futi kumi na mbili. Upana hapa katikati, tano. Kumi na mbili mara tano ni sitini. Sitini gawa kwa kumi na tano unapata wangapi?"

"Wanne," alisema mjomba aliyevua viatu, akavivaa tena.

"Watu wanne. Hiyo ni ya watu. Sasa injini. Huku nyuma upana ni futi nne. Kumi na mbili mara nne ni arobaini na nane. Boti ya tumbo bapa kama hii, ikiwa na arobaini na nane, haipiti farasi kumi. Wewe umefunga arobaini."

"Lakini farasi wakizidi, si ni nguvu tu?" baba aliuliza. "Si mtu anaweza kwenda polepole?"

"Nimesikia uko na kinu. Ukichukua mota ya farasi hamsini uifunge juu ya meza ya mbao, itakuwaje?"

"Meza itapasuka," baba akajibu papo hapo. "Nilishaona kule Kiminini. Kinu kilitembea mpaka mlangoni."

"Basi huu ubao wa nyuma ndio meza. Na hii injini, hata ikiwa imezimwa, uzito wake ni kama mtu mzima amekaa huko nyuma kabisa. Ukiiwasha ukaze moto, nyuma inazama, pua inapanda, na ukikata kona boti inageuka kama chapati."

Kipketer alikohoa. Baba alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha. Lakini alikuwa bado hajakubali. Watu wote walikuwa wakimtazama, na rangi ya buluu ilikuwa ikimeremeta.

"Hesabu ni ya karatasi," alisema. "Boti iko kwa maji."

"Ni kweli," mzee Absalom akasema. "Basi tuulize maji."

Kando ya zizi palikuwa na mchanga uliobaki tulipojenga choo. Vijana waliujaza kwenye magunia, kila gunia uzito wa mtu wa kadiri, wakayabeba hadi kwenye boti, mahali ambapo maji yalifika kiunoni. Mambo ya posa yakasahaulika. Wageni na wenyeji walisimama ukingoni wakihesabu pamoja. Magunia manne yalipoingia, boti ilishuka kidogo ikatulia, ingawa nyuma ilikuwa imelala kuliko mbele. Sita yalipoingia, maji yalikuwa chini ya ukingo kwa upana wa kiganja. La nane lilipowekwa, huku nyuma palibaki kidole kimoja tu.

"Haijazama," baba alisema.

"Bado hakuna mutu amepumua," mzee Absalom akajibu. Kisha akamwomba Kipketer apite nyuma ya boti, kwa mwendo wake wa kawaida tu.

Kipketer alipita. Kiwimbi alichokisukuma kwa mapaja yake hakikuwa kikubwa kuliko kile cha bata. Kilipanda juu ya ubao wa nyuma, kikaingia. Kingine kikafuata, na baada ya hapo maji hayakuhitaji tena kusukumwa na mtu. Boti ilikaa chini taratibu, bila kelele, ikiwa na mchanga wetu wote, na kifuniko cheusi cha injini mpya kikabaki juu ya maji kama kichwa cha kiboko.

Hakuna aliyecheka. Baba aliangalia. Halafu akageuka, akaanza kupanda kuelekea nyumbani, peke yake.

"Rudi ndani," shangazi Wacera aliniambia kwa sauti ndogo. Sikurudi. Zachary alikuwa ameshaniona, na tulitazamana. Nilifikiri kwamba posa yangu imezama kwenye maji yasiyofika kifuani. Kagwe alianza kukunja karatasi ya hotuba yake. Wilkista alimsogelea mama yangu akamshika bega, na wakasimama hivyo, wote wawili wakitazama njia.

Baba alirudi ameshika kitu kidogo mkononi. Alitembea mpaka mbele ya mzee Absalom, akamnyooshea kile kitu. Kilikuwa kibati cha njano, kipana kama kiganja, chenye matundu manne kwenye pembe zake.

"Nilikitoa mwenyewe kwa bisibisi," alisema. "Kabla ya kupaka rangi. Nilikisoma nikaona kinanidharau. Nikasema, huyu aliyeandika hajui mimi ni nani."

Mzee Absalom alivaa miwani. Kibati kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, naye akakisoma kwa Kiswahili, polepole, ili hata nyanya zangu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wasikie. Watu wanne. Farasi kumi.

Ilikuwa zamu yake kujivuna, na mimi nilijiandaa kumsikia akijivuna, maana wanaume wengi ninaowajua wangefanya hivyo. Alikirudisha kibati mkononi mwa baba.

"Umefanya vizuri hukukitupa," alisema. "Mimi kwa miaka ile yote nimekutana na wengi waliovitoa. Wewe ndiye wa kwanza kukirudisha."

Kisha akavua koti, akavua viatu, akakunja suruali yake ya sherehe na kuingia majini. Baba alimtazama kidogo, halafu naye akaingia, na suti yake yote. Wajomba wa Myanga wakafuata, na binamu zangu, na Kagwe, aliyeacha hotuba yake juu ya jiwe. Walitoa magunia moja baada ya lingine, wakipokezana na kupiga kelele, Kikuyu na Kibukusu na Kiswahili vikichanganyika. Boti ilipoinuka, wanawake walipiga vigelegele kana kwamba ni mtoto amezaliwa. Injini ilibebwa ukingoni, na mzee Absalom akaifungua hapo hapo. Alimwaga maji, akatoa plagi, akamimina mafuta, akavuta kamba mara nyingi huku baba akiishika isitikisike. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana.

"Itapona," mzee alisema mwishowe. "Lakini si ya hapa."

Kikao cha posa kilifanyika kwenye nyasi pale pale, kwa sababu hakuna mwanaume aliyekuwa mkavu kiasi cha kukaa kwenye viti vya kukodi. Baba alikuwa amejifunga leso ya mama kiunoni, na mzee Absalom amejifunga nyingine, yenye maua mekundu. Nilipoitwa na kuulizwa kama ninawajua hawa watu, nilicheka kabla ya kujibu, na shangazi akanifinya. Methali zilikuwa mbili tu kutoka kila upande. Mbuzi, chapati na mukimo vililetwa kutoka kwenye hema kwa miguu, na ile karamu ikaliwa.

Mwezi wa Septemba, mzee Absalom alikuja na pikapu ya mtu wa kwao akaichukua ile injini hadi Port Victoria. Huko alimjua mvuvi mwenye mashua ndefu ya mbao iliyokuwa ikihangaika na injini ndogo. Wakabadilishana. Alirudi na injini ya farasi kumi na jaketi nne za kuelea, na akakaa kwetu siku tatu akimfundisha baba kuwasha, kukata kona na kupunguza moto kabla ya kufika ukingoni. Jioni walikaa jikoni wakibishana kuhusu vinu. Kibati kilirudishwa mahali pake kwa skrubu mpya.

Harusi yetu ilikuwa Desemba, baada ya mavuno. Asubuhi hiyo, nikiwa bado nasukwa nywele, nilisikia kelele upande wa bwawa nikachungulia dirishani. Baba alikuwa ameleta mizani ya kinuni, ile ya kupimia magunia, akaiweka ukingoni. Kila aliyetaka kuvuka kwenda kwenye hema la sherehe alipaswa kupanda juu yake kwanza, na baba aliandika uzito kwenye daftari, akijumlisha wanne wanne, pamoja na mwendeshaji. Mashangazi zangu wa Nyeri walikataa kata kata kupimwa mbele za watu.

"Basi mzunguke kwa miguu," aliwaambia. "Hapa hakuna wa tano. Hata awe nani."

Na kweli hakumwachia mtu. Mchungaji alikuja na mzee wa kanisa na wanakwaya watatu, akasema wao ni wembamba, na pia wanaelekea kwenye kazi ya Bwana. Baba aliwashusha wanakwaya wawili, akamvalisha mchungaji jaketi, akamfunga kamba zake kifuani kama mtoto wa shule. Alieleza kwa wote jinsi urefu unavyozidishwa kwa upana na kugawanywa kwa kumi na tano. Alieleza kuhusu meza ya mbao na kinu kilichotembea. Kagwe aliniambia baadaye kwamba alisikia maelezo hayo mara saba, na kila mara boti ilikuwa imezama zaidi.

Tulipotoka kanisani tulirudi bwawani, mimi na Zachary tukapanda boti. Mzee Absalom alishika usukani huko nyuma, koti lake la kijivu ndani ya jaketi ya kuelea. Gauni langu lilijaza benchi zima. Nafasi moja ilibaki, na watu wengi ukingoni walijisogeza mbele. Baba alimpa mama mkono.

"Mimi?" mama aliuliza. "Na chakula?"

"Chakula kiko na wenyewe. Panda, Rosaline."

Hakupimwa. Baba alisema uzito wake anaujua. Mama alikaa kwenye pua ya boti, ameshika ukingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Injini iliwaka kwa sauti ndogo, kama cherehani. Tuliondoka taratibu, boti ikiwa imelala sawa juu ya maji, na bata wakatupisha bila haraka. Kwaya ilianza kuimba ukingoni. Baba alikuwa akitembea sambamba nasi juu ya ukingo, daftari mkononi, akikaza mwendo ili asiachwe.

Tulipokaribia ng'ambo, mzee Absalom alipunguza moto. Mama alifumbua macho. Aliachia ukingo mkono mmoja, akauingiza majini mpaka kwenye kifundo, akautazama ukikata maji.

"Mzee Absalom," alisema bila kugeuka, "si utuzungushe tena kidogo, kabla hatujafika."

Mzee akageuza usukani.